Kufikisha hoja katika Bunge la Minnesota: uanze kwa mbunge wako, kamati, chama au gavana?

Bunge la Jimbo la Minnesota linapokaribia kufungua vikao vyake jijini St. Paul, swali lile lile huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaoishi Brooklyn Park, Brooklyn Center na miji ya jirani: jambo letu hili tumpelekee nani? Huenda likawa ni malipo ya wahudumu wa nyumba za wazee, au masharti ya leseni ya nyumba ya kutunzia watu wenye ulemavu, au bima ya afya ya mzazi aliyekuja kuishi na wanawe. Majibu yanayotolewa haraka haraka huwa mawili. La kwanza ni kwamba tumwone gavana, kwa kuwa wengi wetu tumekulia katika nchi ambamo mkubwa akitamka neno, faili hutembea. La pili ni kwamba tumwone "mtu wetu", na tangu Novemba 2024, Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alipochaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi kutoka eneo la Brooklyn Park, jibu hili limepata nguvu zaidi.

Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini kwa hoja nyingi si mahali pazuri pa kuanzia. Ninalinganisha hapa njia nne ambazo mkazi wa kawaida anaweza kuzitumia: mbunge na seneta wa eneo lake, kamati, chama au muungano wa watu wenye hoja moja, na ofisi ya gavana. Kabla ya kuchagua yoyote, hakikisha kwamba jambo lenyewe ni la jimbo. Viza na makaratasi ya uhamiaji ni mambo ya Washington, na theluji isiyozolewa mtaani kwako ni ya halmashauri ya mji. Hata leseni ya muuguzi aliyesomea Nairobi huenda ikawa imekwama kwenye kanuni ya bodi ya wauguzi, si kwenye sheria iliyopitishwa na bunge, na kanuni ya bodi hubadilishwa kwa njia nyingine.

Kalenda kwanza

Katiba ya jimbo inaliruhusu bunge kukutana siku zisizozidi 120 za vikao katika kila kipindi cha miaka miwili, na inalikataza kuendelea na kikao cha kawaida baada ya Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Mei. Mwaka usiogawanyika kwa mbili ndio mwaka wa bajeti ya miaka miwili. Vikao huanza Januari. Mwaka unaofuata kwa kawaida huanza Februari, na mjadala wake mkubwa huwa ni mikopo ya ujenzi wa barabara, vyuo na mifumo ya maji, ambayo haipiti bila kura tatu katika kila tano za kila baraza. Mswada usiokamilika katika mwaka wa kwanza haufi, bali hubaki hai mpaka mwisho wa mwaka wa pili.

Ndani ya miezi hiyo michache kuna tarehe zinazoua miswada kimya kimya. Viongozi wa mabaraza mawili hukubaliana siku za mwisho za kamati, ambazo mara nyingi huangukia Machi na mwanzoni mwa Aprili, na mswada ambao haujapita kamatini kufikia siku hiyo huwa umekwama hata kama haukupigiwa kura na mtu yeyote. Kuna pia makadirio mawili ya mapato, moja linalotoka kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba, na jingine kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Hoja inayohitaji fedha husubiri haya makadirio. Mwanzoni mwa mwaka 2023 yalionyesha ziada ya karibu dola bilioni 17.5, na milango ambayo ilikuwa imefungwa kwa miaka mingi ilifunguka.

Hesabu ya viti nayo ina uzito kama kalenda. Sheria ya kuwapa wakazi wote leseni ya udereva bila kujali hadhi yao ya uhamiaji ilidaiwa kwa takriban miaka 20, tangu kanuni ya mwaka 2003 ya enzi ya Gavana Tim Pawlenty iliyotaka mwombaji athibitishe kwamba anaishi nchini kihalali. Mwaka baada ya mwaka ilikwama. Chama cha DFL, ambacho ndicho tawi la Democratic katika jimbo hili, kilipopata viti 70 kwa 64 katika Baraza la Wawakilishi na 34 kwa 33 katika Seneti, Gavana Tim Walz wa chama hicho hicho akiwa madarakani, mswada ule ulitiwa saini Machi 2023 na leseni zikaanza kutolewa tarehe 1 Oktoba. Waliotoa ushahidi mwaka 2023 hawakuwa wasemaji bora kuliko wale wa 2015. Kilichobadilika ni hesabu.

Mwaka 2025 hesabu iligeuka tena, viti vikawa 67 kwa 67 katika Baraza la Wawakilishi. Wiki tatu za mwanzo zilipotea katika mvutano wa akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kikao kiwe halali, Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba akidi ni wabunge 68, na mwishowe vyama vikakubaliana kugawana madaraka, Lisa Demuth wa Republican akiwa Spika. Kamati zikawa na idadi sawa ya wajumbe wa kila chama. Katika bunge la namna hiyo, hoja yenye rafiki katika chama kimoja pekee haina njia ya kutoka kamatini, na mtu anayechagua mlango wa kubisha anapaswa kulijua hilo kabla hajavaa koti.

Mbunge wa eneo lako

Jimbo lina maseneta 67, na kila eneo la seneta hugawanywa katika maeneo mawili ya wabunge, A na B, hivyo wabunge ni 134. Kwa sensa ya mwaka 2020, mbunge mmoja anawakilisha watu takriban 42,600. Linganisha na Kenya, ambako kwa sensa ya 2019 jimbo moja la uchaguzi lilikuwa na wastani wa watu 164,000. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Maana yake ni kwamba mbunge wa hapa anaweza kukupa nusu saa kwenye mgahawa wa kahawa mwezi wa Oktoba, kwamba kura mia moja za kanisa lako ni kitu anachokihesabu, na kwamba barua pepe kumi zilizoandikwa kwa mkono wa watu kumi tofauti, si zilizonakiliwa, zitazungumzwa ofisini kwake.

Hapa ndipo njia ya "mtu wetu" inapopungukiwa. Ukipiga simu katika ofisi ya mbunge yeyote, swali la kwanza la msaidizi wake huwa ni anwani yako. Ukiwa unaishi nje ya eneo lake, utajibiwa kwa heshima na kuelekezwa kwa mbunge wako. Yule mzaliwa wa kwetu anaweza kuwa mwandishi mzuri wa mswada, yaani mbunge anayeuwasilisha na kuubeba, au mshauri wa siri, lakini ana kura moja kati ya 134, na wale wengine 133 hawana sababu ya kukusikiliza kama hakuna mpiga kura wao aliyewahi kulitaja jambo lako. Wakongo kumi wa Rochester wakizungumza na mbunge wa Rochester wanaongeza kitu ambacho mtu wa Brooklyn Park hawezi kuwaongezea.

Nguvu kubwa ya njia hii ni kwamba raia hawezi kuwasilisha mswada. Ni mbunge au seneta pekee. Wanasheria wa bunge wanaoandika miswada humwandikia yeye, si wewe. Kazi yako ni kumpa karatasi moja, narudia, moja, inayosema tatizo ni lipi, linamuumiza nani katika eneo lake, na ni kifungu gani cha sheria kinachohitaji kuguswa kama unakifahamu. Katika Baraza la Wawakilishi mswada unaweza kubeba majina ya waandishi hadi 35, na katika Seneti hadi watano, na lazima kuwe na pacha wake katika baraza la pili. Kwa hiyo ombi la "tunaomba utuunge mkono" ni dhaifu. Ombi lenye meno ni hili: "Tunaomba uwe mwandishi mkuu wa mswada huu, utusaidie kupata seneta wa kuubeba upande wa pili, na umwombe mwenyekiti wa kamati aupangie siku ya kusikilizwa."

Udhaifu wake uko mahali pawili. Mbunge wako anaweza kuwa mgeni, au wa chama cha wachache, au hayumo katika kamati inayohusika, na hapo hata akikupenda mkono wake haufiki mbali. Pili, watu wa Minnesota ni wapole wa maneno. "Ahsante kwa kunieleza jambo hili" si ndiyo, kama vile kwetu "tutaangalia, Inshallah" mara nyingi si ndiyo. Ukitoka ofisini bila kujua kama ataandika mswada, atamwandikia mwenyekiti barua, au hatafanya lolote, basi hujapata jibu, na ni vyema urudi kuuliza kabla wiki haijaisha.

Gharama ya njia hii ni nauli na muda. Msimu wake bora ni kati ya Juni na Desemba, wakati bunge halijakaa. Januari ikishafika, mbunge huyo huyo atakupa dakika kumi huku akitembea kuelekea lifti.

Kamati

Wengi wetu tukifikiria bunge tunaona ukumbi mkubwa chini ya kuba la marumaru lililochorwa na msanifu Cass Gilbert, jengo lililofunguliwa mwaka 1905 na ambalo bado linapendeza. Kazi hasa hufanyika katika vyumba vya kamati, baadhi vikiwa katika jengo la Seneti ng'ambo ya barabara ya University. Mtu yeyote anaweza kuomba kuzungumza, awe raia au asiwe. Unamwandikia barua pepe msimamizi wa kamati kabla ya muda uliotajwa kwenye tangazo la kikao, unataja namba ya mswada, na unaeleza kama unauunga mkono au unaupinga.

Nikieleze chumba chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachowatisha watu. Wajumbe wamekaa nusu duara, na kati yao na wewe kuna meza ndogo yenye kipaza sauti. Mwandishi wa mswada anakaa pembeni yako. Unaitwa jina lako kwa matamshi ambayo mama yako asingeyatambua, unakaa, unamshukuru mwenyekiti na wajumbe, unataja jina lako kwa ajili ya kumbukumbu, kisha una dakika mbili, tatu ukibahatika. Mjumbe mmoja anasoma simu yake. Hilo lisikuvunje moyo, huenda anasoma marekebisho ya mswada wako. Mtu aliyeandika kurasa nne akaanza na historia ya ujio wake Marekani hukatizwa kabla hajafika kwenye hoja. Yule anayeanza na zamu yake, kwamba jana usiku alikuwa mhudumu mmoja kwa wagonjwa wangapi, analipwa kiasi gani kwa saa na kodi ya nyumba ni kiasi gani, humaliza na sekunde ishirini mkononi, na mara nyingi ndiye anayeulizwa swali. Swali ni zawadi, kwa maana muda wa kujibu hauhesabiwi katika dakika zako mbili.

Kuna neno moja la mwenyekiti ambalo limewaliza watu bure. Baada ya ushahidi wote, hakuna kura inayopigwa. Mwenyekiti anasema mswada unawekwa kando ili ufikiriwe kuingizwa katika mswada mkubwa wa kamati. Mgeni husikia kwamba hoja yake imetupwa. Kwa jambo linalohitaji fedha, hiyo kwa kweli ni hatua ya kawaida na mara nyingi ya heri, kwa sababu hoja za fedha husafiri ndani ya mswada mmoja mkubwa unaokusanya mingi midogo. Mtu wa Nairobi angeuita matatu: hauondoki kituoni mpaka ujae, na aliyemo ndani hachagui anayekaa naye. Katika usiku wa mwisho wa vikao vya 2024, tarehe 19 Mei, bunge lilipitisha mswada wa namna hiyo wenye kurasa zaidi ya 1,400 huku wabunge wa upande wa pili wakipiga kelele kwamba hawakupewa nafasi ya kuzungumza, ingawa Katiba yenyewe inasema kila sheria iwe na mada moja.

Ukiilinganisha na njia ya mbunge, kamati ina nguvu kali lakini ya muda mfupi, wiki sita hivi kwa mwaka. Ushahidi usiotanguliwa na mazungumzo na wajumbe huwa umechelewa, kwani wengi wao huingia chumbani wakiwa wameshaamua. Tena kamati ina jambo ambalo mazungumzo ya kahawa hayana: kila neno hurekodiwa kwa video na kubaki hadharani, na barua ya ushahidi huwekwa mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Kwa ndugu ambaye hadhi yake ya uhamiaji bado haijakaa sawa, au mfanyakazi anayemsema mwajiri wake, hili si jambo dogo. Watu wa namna hiyo wasemewe na kiongozi wa kanisa au wakili wa shirika, au wazungumze na mbunge faraghani.

Chama au muungano

Mfano ulio wazi kuliko yote katika miaka ya karibuni ni wa madereva wa Uber na Lyft, ambao wengi wao katika Minneapolis na St. Paul ni watu wa Afrika Mashariki, Wasomali wakiwa mbele. Waliunda chama chao cha madereva, wakaandika madai yao, wakawapata waandishi wa mswada katika mabaraza yote mawili, Seneta Omar Fateh akiwa upande wa Seneti. Mei 2023 mswada wao wa malipo ya chini ulipita. Tarehe 25 Mei, Gavana Walz akaupigia kura ya turufu, ya kwanza tangu aingie madarakani mwaka 2019, kampuni zikiwa zimetishia kuondoa au kupunguza huduma.

Kama wangekuwa watu binafsi waliotoa ushahidi na kurudi nyumbani, habari ingeishia hapo. Kwa kuwa walikuwa chama, walifungua mlango wa pili. Machi 2024 Halmashauri ya Mji wa Minneapolis ilipitisha kiwango cha dola 1.40 kwa maili na senti 51 kwa dakika, na ikaishinda turufu ya meya. Wakati huo idara ya kazi ya jimbo ilikuwa imetoa uchunguzi uliosema kwamba senti 89 kwa maili na senti 49 kwa dakika zingetosha kumfikisha dereva kwenye kima cha chini cha mshahara wa Minneapolis. Kampuni zilitishia kuondoka mjini kabisa. Shinikizo hilo ndilo lililowarudisha wote mezani St. Paul, na mwishoni mwa vikao vya Mei 2024 jimbo likaweka dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika kwa Minnesota nzima, na kuinyima miji uwezo wa kuweka viwango vyake yenyewe. Safari hii gavana alitia saini.

Soma tarakimu hizo kwa makini kabla ya kujiunga na muungano wowote. Madereva walipata sheria yenye nguvu kwa jimbo zima, lakini kwa kiwango kilicho chini ya kile walichokuwa nacho mkononi Minneapolis. Wapo walioona ni ushindi, na wapo walioona kwamba viongozi wao waliuza kwa bei nafuu. Ndiyo hulka ya njia hii. Mbunge wako unaweza kumweleza jambo lako lilivyo, nukta kwa nukta. Ndani ya muungano, hoja yako ni moja kati ya nyingi, na siku ya mapatano kuna atakayeachwa. Kama jambo lako ni dogo na mahususi, muungano utalimeza. Kama jambo lako linagusa mfuko wa kampuni kubwa yenye washawishi wa kulipwa kila korido, basi asiyekuwapo na lake halipo, na kuwapo kwa mtu mmoja hakutoshi.

Kwa vikundi vyetu vya kusaidiana na makanisa yaliyosajiliwa kama mashirika yasiyo ya faida, kuna hofu iliyozidi kipimo kwamba sheria inawakataza kugusa siasa. Wanachokatazwa ni kumpigia kampeni mgombea. Kuzungumzia mswada kunaruhusiwa ndani ya mipaka, na kumwalika mbunge aeleze bajeti kwenye ukumbi wa kanisa si kosa. Kuna pia Baraza la Watu wa Minnesota wa Asili ya Afrika, chombo cha jimbo kilichoundwa mwaka 1980 kwa jina jingine na kupewa jina lake la sasa mwaka 2015, ambalo kazi yake ni kumshauri gavana na bunge. Si njia ya tano inayojitosheleza, lakini kwa kikundi kisichojua pa kuanzia, simu moja huko yaweza kuokoa miezi miwili. Na kuhusu zawadi, tuzungumze kama watu wazima. Tangu mwaka 1994 sheria ya jimbo inawakataza viongozi kupokea zawadi kutoka kwa washawishi na wale wanaowaajiri. Mkazi wa kawaida huenda asiguswe na katazo hilo, lakini kanga nzuri uliyomletea mbunge itamtia wasiwasi kuliko furaha, hivyo uende mikono mitupu.

Gavana

Gavana ana siku tatu, Jumapili zisipohesabiwa, kuamua juu ya mswada unaomfikia vikao vikiendelea, na siku 14 baada ya bunge kuahirishwa kwa ile iliyopitishwa katika siku tatu za mwisho. Anaweza kufuta kifungu kimoja cha matumizi na kuacha mengine. Kumshinda kunahitaji theluthi mbili, yaani wabunge 90 na maseneta 45, idadi ambayo katika bunge lililogawanyika karibu nusu kwa nusu ni ya kuota tu.

Nguvu hiyo yote inakuja mwishoni, na zaidi ni nguvu ya kuzuia. Barua kwa gavana mwezi wa Februari kuhusu mswada ulio kamatini hujibiwa na ofisi ya mawasiliano kwa maneno mazuri. Kuna nyakati mbili tu ambapo mlango huu unashinda mingine. Wa kwanza ni msimu wa kupukutika kwa majani, wakati idara zake zinapoandaa mapendekezo ya bajeti. Kikundi kinachozungumza na idara ya huduma za jamii mwezi wa Septemba kinaweza kukuta hoja yake imeandikwa ndani ya bajeti ya gavana mwenyewe. Wa pili ni zile siku tatu au 14. Hata katika habari ya madereva, turufu ya 2023 iliambatana na amri ya kuunda kamati ya kuchunguza malipo yao, na uchunguzi wa idara ya kazi ulitokana na mkondo huo. Bila hivyo, gavana ni mlango wa mwisho.

Hoja tatu, milango mitatu

Tuseme una nyumba ndogo ya kutunzia watu wenye ulemavu, na kuna sharti la leseni linalokutaka uwasilishe fomu ile ile kwa idara mbili. Hakuna fedha ndani yake, hakuna adui. Hapa nenda kwa mbunge wako na seneta wako kabla ya Desemba, mtafute mwandishi wa chama cha pili, na katika kamati mpeleke mmiliki mmoja wa nyumba hiyo mwenye fomu zote mbili mkononi. Muungano ungekupotezea muda, na gavana hana haja ya kulisikia mpaka siku ya kutia saini.

Tuseme badala yake unataka malipo ya wahudumu wa nyumba za wazee yapande. Hiyo ni hoja ya fedha, na mwaka 2023 bunge liliunda bodi maalumu ya kuweka viwango vya kazi katika nyumba za wazee, kwa hiyo uwanja tayari una wachezaji: chama cha wafanyakazi, wamiliki, serikali inayolipa sehemu kubwa ya gharama. Peke yako utasikika kama mbu. Ingia katika chama kwanza, uliza waziwazi ni kiwango gani ambacho viongozi wako tayari kukubali kama mapatano, kisha watumie wanachama kwa wabunge wao wenyewe, kila mtu na eneo lake. Kamati itakuja baadaye, na kila mwenye hoja ya fedha atakumbushwa makadirio ya Machi.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni ile inayokujia bila kuitafuta. Sheria ya 2023 ilikuwa imefungua MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, kwa wakazi wasio na hati za uhamiaji, na huduma ikaanza Januari 2025. Katika mapatano ya bajeti ya mwaka huo huo, yaliyopitishwa katika kikao maalumu cha siku moja tarehe 9 Juni kwa sababu Mei iliisha bila bajeti kukamilika, watu wazima waliondolewa kuanzia mwisho wa mwaka na watoto wakaachwa. Mapatano yale yalifikiwa na viongozi wachache nyuma ya milango iliyofungwa. Ushahidi wa kamati ulikuwa umeshapita wakati wake.

Ukijikuta katika hali kama hiyo mwezi wa Mei, ujue kwamba miswada mikubwa imekwisha kuhamia katika kamati za upatanishi, zinazooanisha matoleo ya mabaraza mawili, ambazo huwa na wajumbe watatu au watano kutoka kila baraza, na majina yao hutangazwa. Usiwaandikie wabunge wote 134. Tafuta kama kati ya hao wachache yupo ambaye eneo lake lina hata familia tano za watu wako, na uzipate familia hizo zipige simu siku hiyo hiyo, kila moja ikitaja anwani yake mwanzoni, namba ya mswada, na kifungu kinachotakiwa kutolewa au kubakizwa. Kama hakuna familia hata moja, mpigie mbunge wako mwenyewe umwombe azungumze na mwenzake aliye ndani, kisha andika majina ya maeneo yale ambako hukupata mtu. Orodha hiyo utaihitaji mwezi wa Juni, utakapoanza kutafuta nani kati ya jamaa zako anaishi huko.